Fedha Hazina Mabawa

Juu ya meza yangu hapa Nyarugusu pana vitabu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja. Cha kwanza ni kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki, kilichotungwa na Terry Stevenson na John Fanshawe na kutolewa mwaka 2002. Cha pili ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali juu ya serikali za mitaa, nakala niliyochapishiwa mjini Geita na kijana mwenye duka la vifaa vya ofisi. Cha kwanza kimechakaa kwa kushikwa. Cha pili nilikuwa nakifungua kwa shida, kama mtu anayekwenda kuchukua majibu ya hospitali, mpaka siku nilipoamua kukisoma kwa namna ileile ninavyosoma cha kwanza. Katika insha hii nataka kukihakiki kitabu cha pili kwa msaada wa cha kwanza.

Msomaji anaweza kuuliza: ripoti ya hesabu nayo ni ya kuhakikiwa? Wahakiki wetu wamezoea riwaya, tamthilia na mashairi. Lakini hebu tutazame. Ripoti hii hutoka kila mwaka. Inasimulia habari za watu waliokabidhiwa mali na watu wengine ili waitunze. Ina mahali, ina wakati, ina matukio, na mara nyingi ina kisa cha kusikitisha. Nikiilinganisha na riwaya naona jambo moja tu linalokosekana, nalo ni wahusika. Hapo ndipo mgogoro wangu nayo unapoanzia.

Nianze na ndege, maana ndio walionifundisha kusoma upya.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Shinyanga kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu nilihamia huku Nyarugusu kwa mwanangu, ambaye ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Anayeijua kata yetu anajua kelele zake. Makarasha yanaanza asubuhi na mapema, pikipiki zinapita na mifuko ya mawe kutoka maduarani, na vumbi linatua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Kwa hiyo kabla ya mashine kuwashwa mimi huteremka bondeni kwenye majaruba ya mpunga, nikiwa na daftari na kalamu, na darubini ndogo niliyopewa zawadi siku ya kuagwa kazini. Hukaa juu ya kichuguu, nikanyamaza.

Siwezi kueleza vizuri furaha ile kwa mtu ambaye hajaionja. Kwanza ni giza na ukungu, na sauti tu. Kwale anaita upande wa vichaka, mwingine anamjibu. Kisha mwanga unafika na yangeyange wanapita juu kwa safu, weupe, wakitoka walikolala. Mdiria mwenye madoa meusi na meupe anasimama hewani bila kusonga mbele wala kurudi nyuma, mabawa yanatetemeka, mara anajitupa majini kama jiwe. Siku za mwezi wa Oktoba mbayuwayu wanarudi kutoka Ulaya, maelfu ya maili, na wanaonekana kama watu waliotoka dukani tu. Katika dakika hizo mimi si mstaafu, wala si baba wa mtu, wala sina deni. Nipo tu, natazama. Nikirudi nyumbani mkwe wangu huniuliza, "Baba, leo umepata nini?" Humjibu, "Nimepata mdiria wawili." Hucheka, maana katika nyumba ya wachimbaji neno kupata lina maana nyingine.

Sisemi kwamba ndege wako pale kwa ajili ya kutufundisha. Wana shughuli zao. Lakini kazi ya kuwatazama ina adabu yake, na adabu hiyo ndiyo iliyonifaa. Unakwenda mwenyewe, hutumi mtu. Unaandika tarehe, mahali, saa na idadi. Unaandika ulichokiona, huongezi alichokiona jirani. Na kama hukuona kitu, unaandika kwamba hukuona kitu.

Kitabu cha Stevenson na Fanshawe kimejengwa juu ya adabu hiyohiyo. Kinaeleza aina 1,388 za ndege katika nchi za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, na hakuna hata aina moja inayofichwa ndani ya kundi. Chukua mnana, hao ndege wa manjano wanaosuka viota vinavyoning'inia. Wako wa aina nyingi na wanafanana sana. Mwandishi mvivu angeandika kwamba ndege wa manjano wameonekana katika maeneo mbalimbali. Kitabu hiki kinakwambia tazama jicho, tazama mgongo, tazama weusi wa kichwani unaishia wapi, sikiliza sauti. Kinatoa picha na ramani. Ukimaliza kusoma unaweza kwenda bondeni na kuhakikisha kwa macho yako, na kama kitabu kimekosea utakijua. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu cha ukweli, kwamba kinamwezesha msomaji kumkosoa mwandishi.

Sasa nigeukie ripoti ya Mkaguzi Mkuu, na niseme kwanza mema yake, maana si haki kumhakiki mtu kwa ubaya tu. Ofisi hiyo imewekwa na Katiba yetu, ibara ya 143. Mkaguzi humkabidhi Rais ripoti zake, kisha hufikishwa Bungeni, na tangu hapo ni mali ya umma. Katika miaka ya Ludovick Utouh, aliyeshika kazi hiyo kuanzia mwaka 2006 hadi 2014, wananchi wengi tulianza kusikia maneno ambayo zamani yalikuwa ya wahasibu peke yao, kama vile hati safi, hati yenye shaka na hoja za ukaguzi. Wakaguzi wanasafiri, wanafungua makabati, wanauliza maswali yasiyopendeza. Bila wao tusingekuwa na cha kujadili. Kwa mwananchi wa kata ya mbali, ripoti hii ni mojawapo ya milango michache iliyo wazi.

Lakini lugha yake! Nilifundisha sarufi miaka mingi, na nilikuwa na mfano mmoja wa kikombe. Mtoto akivunja kikombe, humwambia mama yake, "Kikombe kimevunjika." Mama mwenye akili huuliza, "Kimevunjika chenyewe?" Akikubali kusema "kimevunjwa", angalau amekiri kwamba yuko mtu. Akisema "nimekivunja", basi mazungumzo ya kweli yameanza. Lugha yetu imetupa milango mitatu, na kila mtu huchagua wa kupitia.

Ripoti za hesabu, na si za Mkaguzi tu bali hata zile za halmashauri zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo, hupenda kupitia mlango wa kwanza. Sura ya sentensi zake ni hii: fedha zilitumika nje ya bajeti, nyaraka hazikupatikana, mapato hayakufika benki, mradi ulichelewa kukamilika. Hesabu imo, tena kwa shilingi na senti. Jina la halmashauri limo. Lakini aliyetumia, aliyepoteza nyaraka na aliyechelewesha hawamo. Fedha zinatumika zenyewe, zinapotea zenyewe, zinaruka kutoka mti hadi mti kama ndege wasio na kiota. Mimi nimewatazama ndege kwa muda mrefu, na naweza kushuhudia kwamba fedha hazina mabawa. Zikitoka mahali, zimebebwa.

Nitajibiwa kwamba mkaguzi si hakimu, na kwamba kumtaja mtu kabla hajasikilizwa ni kumwonea. Hoja hiyo ni ya kweli na naiheshimu. Lakini kati ya kumhukumu mtu kwa jina na kuandika kana kwamba hakuna mtu ipo nafasi kubwa. Unaweza kutaja cheo. Unaweza kutaja kijiji, kisima, darasa. Msomaji wa Nyarugusu akisoma kwamba katika halmashauri kadhaa miradi ya maji yenye thamani ya mabilioni haikukamilika, hawezi kwenda kutazama chochote. Akisoma kwamba ni bomba la mtaa fulani, lililotakiwa kuwa limefika nyuma ya zahanati, atakwenda jioni hiyohiyo. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni ileile ya "ndege wa manjano" na "mnana".

Tena, ubaya wa lugha hiyo hautoki kwa wakaguzi peke yao. Umetoka kwetu sote, maana hatupendi kusikia jambo likiitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa mwaka 2018, Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, alihojiwa akiwa New York na akasema kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge ya maadili. Alieleza kwamba udhaifu ni neno la kawaida katika kazi ya ukaguzi. Halikusaidia. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye, na Novemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya watu waliohusika. Mimi nazungumzia neno. Nchi nzima ilikaa miezi ikijadili neno moja la herufi saba, wakati vitabu vizima vya hoja za ukaguzi vilikuwa mezani. Ni kama watu waliokwenda kutazama ndege wakagombana juu ya kidole cha aliyeonyesha.

Na liko neno jingine linalohitaji kuhakikiwa, nalo ni uwajibikaji wenyewe. Watanzania tunalo tukio tunalolikumbuka kila neno hili likitajwa, na lilihusu mkoa wangu wa zamani. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, walipokuwa wakihojiwa juu ya mauaji yaliyohusishwa na ushirikina. Yeye hakumgusa mtu. Lakini waliofanya walikuwa chini yake, naye akaona deni ni lake. Baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais. Nilikuwa kijana wakati ule, na nakumbuka jinsi wazee walivyolizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, kwa heshima.

Tukio hilo ni zuri, na halipaswi kusahauliwa. Lakini nahisi limetufundisha nusu ya somo. Tangu hapo tumeelewa kwamba kuwajibika ni kujiuzulu, yaani ni jambo la mkubwa mmoja, linalotokea mara moja katika miaka kumi, likatangazwa redioni. Tunakaa tukingoja mti mkubwa uanguke. Maana ndogo ya neno, ile ya kila siku, ya mtu kusimama mbele ya wenye mali na kusema nilipokea hiki, nimetumia hiki, kimebaki hiki, hiyo tumeiachia mbao za matangazo. Hata sarufi inatucheza: ndani ya kuwajibika mna kiambishi kilekile cha kuvunjika. Ni rahisi mtu akadhani kwamba uwajibikaji nao hutokea wenyewe.

Hapa sina budi kusimulia aibu yangu, maana mhakiki anayewanyooshea wengine kidole bila kujitazama hafai kusomwa.

Katika kijiji kimoja nilichofundisha, ambacho sitakitaja, palikuwa na lambo. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, lakini maji yake yalitumiwa na watu pia, hasa kiangazi. Ndilo lililonitia katika mapenzi ya ndege. Kulikuwa na yungiyungi upande mmoja, na juu ya majani yake alitembea ndege mwekundu wa hudhurungi mwenye vidole virefu mno, akikanyaga majani bila kuzama. Bata maji walikuja kwa makundi. Katika mti wa pembeni fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa mfano wa nyundo, alijenga kiota kikubwa kama kapu la pamba. Nilikwenda karibu kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, na niliandika katika daftari.

Nilikuwa pia katibu wa kamati ya lambo hilo, si kwa sababu ya ujuzi, bali kwa sababu ya mwandiko. Siku moja alikuja kijana wa ofisi, mwenye adabu, akaniamkia na kuketi. Alikuwa na karatasi za kuonyesha kwamba tuta la lambo limekarabatiwa na njia ya kupunguzia maji imejengwa upya. Akasema, "Mwalimu, tusaidie tu sahihi yako hapa, wanazisubiri wilayani, wasije wakaturudisha nyuma." Nilimwuliza, "Kazi imekwisha?" Akajibu, "Iko hatua za mwisho." Sikutaka kumvunjia heshima mgeni aliyekuja nyumbani kwangu. Niliweka sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama kawaida.

Mvua kubwa za mwaka uliofuata zilipasua tuta. Maji yote yalikwenda usiku mmoja. Yungiyungi walilala juu ya tope, bata hawakurudi, na fundichuma alihama. Lakini si ndege walioumia zaidi. Akina mama walianza kutembea mwendo mrefu na ndoo kichwani, na wasichana wawili wa darasa langu wakawa wanafika shuleni saa nne.

Kijiji kiliitisha mkutano. Pakasomwa taarifa kwamba lambo lilikuwa limekarabatiwa, na kwamba maafa yalisababishwa na mvua zisizo za kawaida. Watu waliguna. Ndipo mzee mmoja akasimama, akaegemea fimbo yake, akanigeukia: "Mwalimu, wewe si ndiye unayekwenda kule kila asubuhi kutazama ndege? Hao mafundi uliwaona lini?"

Daftari lilikuwa mfukoni. Nilifikiri kusema sikumbuki. Lakini watoto niliowafundisha mfano wa kikombe walikuwa wamekaa pale chini ya mti. Nililitoa, nikasoma. Nilisoma tarehe baada ya tarehe, za miezi ile mitatu iliyotajwa katika karatasi: bata kumi na wanne, mdiria mmoja, kiota cha fundichuma kimeongezwa vijiti, mchwa wamechimba juu ya tuta upande wa mashariki, hakuna mtu. Hakuna mtu. Hakuna mtu. Nilipomaliza nikasema kwamba kwenye karatasi ya ukarabati kuna sahihi, na sahihi hiyo ni yangu.

Hakuna mti mkubwa ulioanguka. Kijana yule alihamishiwa kwingine. Mimi nilivuliwa ukatibu, na kwa miezi kadhaa salamu zilikuwa fupi. Tuta lilijengwa kwa nguvu za wanakijiji, kila kaya na sehemu yake. Lakini siku ile nilielewa jambo ambalo ripoti nyingi hazikunifundisha. Nilikuwa na maandishi mawili ya mkono mmoja juu ya mahali pamoja. Moja liliandikwa ili kuwaridhisha watu, jingine liliandikwa kwa sababu nilipenda nilichokuwa nikikitazama. Lililosema kweli ni lile la mapenzi.

Nimejiuliza kama somo hilo linafaa mijini, ambako watu ni wengi na hawajuani. Hebu tutazame Dar es Salaam, na ndege wake anayejulikana kuliko wote, kunguru mwenye shingo ya kijivu. Ndege huyo si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, wakati Waingereza walipotawala pale, ili ale taka za mji. Fikiria uamuzi huo. Mji una taka. Badala ya kuweka mfagiaji na msimamizi wake, ambao wanaweza kuulizwa, umeletwa mnyama asiyeweza kuulizwa. Kunguru alikula taka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka bahari hadi Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Baadaye ikabidi atafutiwe mitego na sumu, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Zaidi ya miaka mia moja imepita, nasi bado tunailipia kazi ambayo mtu hakutaka kuisimamia. Kule Kampala wapo korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, nao wanasimama majalalani kama makarani. Mpita njia anayejua kutazama hahitaji ripoti. Ndege hao wanamwambia taka zinalala wapi.

Jiji la Dar es Salaam lenyewe lina historia ya kufunza. Mwaka 1996 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji kwa kushindwa kazi, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wengi husifu Tume hiyo kwa barabara na ukusanyaji wa mapato, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini wajumbe wake hawakuchaguliwa na wakazi. Waliwajibika juu, si chini. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na halmashauri ya jiji juu yake. Februari 2021 halmashauri hiyo ya jiji ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kila mara tulibadilisha chombo.

Nikitazama mabadiliko hayo namkumbuka mnana. Dume husuka kiota kwa majani mabichi, kisha hujining'iniza chini yake akipiga mabawa na kuita. Jike huja, huingia ndani, huvuta nyuzi, hutoka. Asiporidhika huenda zake, na kiota kikianza kukauka bila kupata mwenyeji, dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya. Huko nako viota vinafumuliwa kila mara, lakini aliyekikataa ni yule atakayetaga mayai ndani yake. Dar es Salaam ilifumuliwa na kusukwa upya mara tatu kwa amri kutoka juu, na mwenye kutaga mayai hakuulizwa sana.

Wala tusidhani kwamba njia nyingine ni ndoto. Shinyanga tuliiona. Mkoa ule ulikuwa umebaki uwanda mtupu, baada ya misitu kufyekwa kwa ajili ya mbung'o, pamba na kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na akili yake kubwa ilikuwa kurudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, malisho yanayofungwa ili majani na miti ivumilie kiangazi. Zilianza na hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Ndege waliorudi walihesabiwa, wakafika aina 145. Wataalamu walisaidia, lakini aliyezuia ng'ombe kuingia ngitili hakuwa mtaalamu. Ilikuwa dagashida, baraza la wananchi, ambako mtu aliyevunja sheria alisimama mbele ya majirani na kutajwa kwa jina lake, na la baba yake. Kila mtu aliweza kwenda kuona kama majani yameliwa au hayakuliwa. Sisemi dagashida haikuonea mtu kamwe. Mabaraza nayo yana makosa yake. Nasema tu kwamba pale hakuna aliyeweza kusema "majani yameliwa" akaachwa akae.

Jiji haliwezi kukaa chini ya mti mmoja, najua. Lakini jiji lina mitaa, na mtaa unaweza kukaa. Sheria yetu tayari inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Tunachokosa ni karatasi inayosomeka katika mkutano huo. Kwa hiyo rai yangu kwa waandishi wa ripoti, kuanzia ofisi kuu mpaka mtendaji wa kijiji, ni ya kisarufi tu. Tafuteni mtenda. Taja mahali ambapo msomaji anaweza kwenda kwa miguu. Tenganisha kitu na kinachofanana nacho, "kimekamilika" na "kiko hatua za mwisho", kama anavyotenganishwa mnana na mnana. Na kwetu sisi wasomaji, rai yangu ni kwamba twende tukatazame. Si lazima kwa hasira. Nenda kwenye daraja, nenda kwenye darasa jipya, kama mtu anayependa mahali pale, ukiwa na daftari. Anayependa mahali huona mchwa juu ya tuta kabla ya mkaguzi.

Asubuhi ya leo nimekwenda bondeni. Juu kidogo ya majaruba pana mfereji ambao kijiji kiliambiwa utajengwa kwa saruji, ili maji machafu ya mialo ya dhahabu yasiingie kwenye mpunga. Ulitajwa katika mkutano uliopita. Nimekaa juu ya kichuguu changu mpaka jua lilipotoka, kisha nikaandika tarehe, na chini yake: yangeyange thelathini na wawili, mdiria mmoja, kwale kwa sauti tu. Mfereji haujaanza, hakuna mtu, hakuna mchanga, hakuna jiwe. Karani wa kijiji alinikuta njiani narudi, akaniamkia na kuniuliza kama nimeona ndege. Nilimwambia nimewaona, na kwamba mkutano ujao nitakuja na daftari.